Deadlands: mchezo wa makauboi na wafu, na kisa ulichokikwepa

Deadlands ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, uliotungwa na Mmarekani Shane Lacy Hensley na kutolewa mwaka 1996 na kampuni yake, Pinnacle Entertainment Group. Umechanganya mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai chungu kimoja. La kwanza ni makauboi wa magharibi ya Marekani, wale wa farasi, bastola na kofia pana tuliowazoea kwenye sinema. La pili ni mambo ya kutisha: wafu wanaotembea, mapepo na wachawi. Ulipotoka tu ulipata tuzo ya Origins ya kanuni bora za michezo ya aina yake, na hadi leo unachezwa na kuchapishwa.

Nimeona niueleze kwa kirefu kwa sababu mbili. Ya kwanza, michezo ya namna hii imeenea kupitia mitandao, na mzazi akisikia habari za karata, dadu na mapepo hushikwa na wasiwasi bila kujua kinachofanyika hasa. Ya pili ni nzito zaidi. Deadlands imejengwa juu ya historia ya kweli ya vita na utumwa. Namna ilivyoishika historia hiyo, mwanzo kwa kuikwepa na baadaye kwa kujirekebisha, ina funzo kwa jamii yoyote yenye jambo la zamani ambalo haipendi kulitaja.

Mchezo wenyewe unavyochezwa

Tusianze na mapepo, tuanze na meza. Watu wanne, watano au zaidi hukaa pamoja. Mmoja wao ndiye msimulizi, ambaye kwenye mchezo huu huitwa Marshal. Yeye hueleza mahali walipo, watu wanaokutana nao na hatari inayowakabili. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake: mpiga bastola, mwandishi wa gazeti, mhubiri, mcheza karata, fundi wa mitambo ya ajabu. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na Marshal hueleza kilichotokea. Hakuna ubao wala kete za lazima. Sehemu kubwa ya mchezo ni maneno, kama ngano za usiku, ila hapa wasikilizaji nao wana sauti katika hadithi.

Mtindo huu wa mchezo si mpya. Ulianza na Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974. Mwaka uliofuata ukatoka Boot Hill, uliohusu makauboi peke yake, na mwaka 1981 ukatoka Call of Cthulhu, uliohusu mambo ya kutisha. Hensley aliziunganisha njia hizo mbili.

Penye jambo la kubahatisha, dadu hurushwa. Si dadu za pande sita pekee, zipo za pande 4, 8, 10, 12 na 20. Mhusika hodari hupewa dadu zenye pande nyingi zaidi. Dadu ikiangukia namba yake ya juu kabisa, mchezaji huirusha tena na kujumlisha, kwa hiyo hata mnyonge ana nafasi ndogo ya kufanya jambo kubwa.

Kilichoutofautisha mchezo huu na wenzake ni karata. Katika toleo la kwanza, mchezaji aliunda mhusika wake kwa kuvuta karata 12 na kutupa mbili, na karata alizobaki nazo ndizo zilizoamua nguvu zake, wepesi wake na akili zake. Kwenye mapigano, karata ndizo zinazopanga nani atangulie kupiga. Wachawi wa mchezo, ambao wamejifunza siri zilizofichwa ndani ya kitabu cha Edmond Hoyle, Mwingereza wa karne ya 18 aliyeandika kanuni za michezo ya karata, hutafuta nguvu zao kwa kucheza poka na pepo: mkono mzuri huleta uchawi, mkono mbaya huleta balaa. Viko pia vidude vya rangi nyeupe, nyekundu na buluu, mfano wa vile vinavyotumika kwenye kamari, ambavyo mchezaji huvitumia kumwokoa mhusika wake akifikwa na shida.

Je, ni kamari?

Swali hili halikwepeki kwetu. Kwa vile mchezo ulivyoandikwa, hakuna pesa inayowekwa mezani na hakuna anayemla mwenzake. Vile vidude vya rangi havina thamani nje ya meza, na wachezaji wote wako upande mmoja dhidi ya hatari anayoisimulia Marshal. Wala hakuna pepo anayeitwa kwa dua au kafara. Pepo wa mchezo ni maneno ya msimulizi, sawa na zimwi la kwenye ngano za bibi.

Hata hivyo dadu na karata zina mazungumzo yake katika fiqhi, na wako wanazuoni wasiopenda dadu hata pasipo pesa. Mimi si wa kutoa fatwa. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini amweleze mchezo kama ulivyo, si kama anavyoudhania. Swali lililoulizwa vibaya hupata jawabu lisilofaa.

Dunia iliyobuniwa

Hadithi ya Deadlands inaanzia mahali pa kweli. Tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, majeshi ya Kaskazini na Kusini mwa Marekani yalipambana Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea wa pande zote mbili, walikuwa kama 51,000 kwa siku tatu. Ilikuwa miongoni mwa mapigano makubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861 na kumalizika 1865.

Mchezo unashika historia hiyo hadi siku ya tatu, kisha unaigeuza. Wafu wa Gettysburg wanainuka na kuwashambulia walio hai wa pande zote. Chanzo chake ni mganga aitwaye Raven, mtu wa kabila la asili ambaye jamaa zake waliangamizwa na Wazungu. Kwa kisasi amefungua mlango wa ulimwengu wa mapepo, na mapepo yamemwagika duniani. Kwa vurugu hizo vita havimaliziki. Kusini inabaki nchi yake peke yake, na mchezo unapoanza mwaka 1876 bado kuna Marekani mbili.

Mambo mengine yanafuata. Mwaka 1868 tetemeko kubwa linaipasua California ikawa visiwa na mifereji. Kwenye kuta za mifereji hiyo linapatikana jiwe jeusi linalowaka kwa joto kali kuliko makaa ya mawe, na linapowaka hutoa sauti kama ya mtu anayelia. Mafundi wanalitumia kuendesha mitambo ambayo karne ya 19 haikuwa nayo. Makampuni ya reli yanapigana kufika California kwanza. Watu wa kabila la Sioux wana nchi yao huru, jambo ambalo katika historia ya kweli walinyimwa kwa mtutu wa bunduki.

Yuko pia mhusika ambaye hakuna aliyecheza mchezo huu akamsahau: mtu aliyekufa akarudi. Mchezaji mhusika wake akiuawa, pengine hufufuka akiwa na pepo ndani ya mwili. Yeye ndiye bwana wa mwili wake, lakini akilegea pepo hushika hatamu. Mchezaji huendelea kuchezesha mtu ambaye adui yake mkubwa yumo ndani ya kifua chake.

Hofu ndiyo chakula

Sasa tufike kwenye kiini. Mapepo ya Deadlands yana mabwana wanne, nao wanaishi kwa kula hofu ya binadamu. Kila mji, bonde na jangwa lina kipimo chake cha hofu kuanzia sifuri hadi sita. Kwenye sifuri watu wanaishi maisha ya kawaida. Kipimo kikipanda, vivuli vinarefuka, majirani wanashukiana, milango inafungwa mapema, na viumbe vibaya vinapata nguvu. Kikifika sita, ardhi yenyewe imekufa, na hapo ndipo penye jina la mchezo. Mabwana hao wanataka dunia nzima iwe hivyo ili waje kuikanyaga kwa miguu yao. Katika mchezo uliofuata, Hell on Earth wa mwaka 1998, wamefanikiwa.

Kwa hiyo kumuua zimwi hakutoshi. Wahusika wanaweza kulichoma moto wakazika majivu yake, na kipimo cha hofu kikabaki palepale kwa sababu watu wa mji bado wanaogopa. Kanuni inasema kwamba lazima mmoja wao asimame mbele ya watu asimulie: lilikuwa nini, lilitoka wapi, na lilishindwa vipi. Kusimulia ni ujuzi unaopimwa kwa dadu kama ulivyo ujuzi wa kulenga shabaha. Hadithi ikiwaingia watu, hofu inashuka.

Serikali za pande zote mbili ndani ya mchezo zinafanya kinyume. Zina maofisa wa siri ambao kazi yao ni kupambana na viumbe hao na kufuta kila habari, kwa hoja kwamba watu wakijua watatishika zaidi. Kinachowasumbua maofisa hao ni gazeti la Tombstone Epitaph, ambalo katika historia ya kweli lilianzishwa Arizona mwaka 1880. Mchezo umeliwahisha, ukalifanya gazeti linaloandika mambo yaleyale wakubwa wanayotaka yafichwe, hata likichekwa.

Kanuni hii ina busara. Inatenganisha uvumi na kisa. Uvumi ni habari ya jambo ambalo aliyeisema hakuliona wala hakulikabili, na kila anayeupokea huuongeza chumvi. Kisa ni maneno ya mtu aliyekwenda hadi lilipo jambo akarudi. Uvumi hulisha hofu, kisa huipunguza.

Kisa kilichokwepwa

Na hapa ndipo penye kasoro ya mchezo wenyewe. Hofu kubwa kuliko zote katika Marekani ya wakati huo haikuwa wafu. Sensa ya mwaka 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni nne. Kusini ilijitenga kwa ajili hiyo, na haikuficha: tangazo la jimbo la Mississippi la mwaka 1861 la kujitenga lilitaja utumwa waziwazi kuwa ndiyo sababu, na Alexander Stephens, makamu wa rais wa Kusini, alisema Machi mwaka huo kwamba serikali yao imesimama juu ya imani kuwa mtu mweusi si sawa na mtu mweupe.

Matoleo ya mwanzo ya Deadlands yalilipitia jambo hili haraka haraka. Yalisema kwamba vita viliporefuka, Kusini wenyewe waliwaachia watumwa huru, na kwamba chuki ya rangi ilififia kwa sababu watu walikuwa na maadui wabaya zaidi. Basi. Likafungwa.

Nia, kwa haki, haikuwa mbaya. Waandishi walitaka mtu wa rangi yoyote, mwanamume au mwanamke, akae mezani acheze mhusika ampendaye bila kutukanwa. Walitaka ubaguzi ubaki kuwa tabia ya waovu. Lakini jambo lina matokeo yake hata kama nia ni njema. Mchezaji aliweza kuvaa sare ya kijivu ya Kusini akawa shujaa, na asiulizwe shamba la pamba analolilinda linalimwa na nani. Mhusika mweusi alipata ruhusa ya kutembea popote kwa sharti moja, kwamba asiwe na historia. Hilo liliukaribia uongo wa zamani unaoenezwa Marekani hadi leo, kwamba vita vile havikuhusu utumwa bali heshima ya majimbo.

Mchezo ukapoteza na utamu pia. Wanahistoria hukadiria kwamba kauboi mmoja katika kila wanne alikuwa mweusi. Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1838 na kutoroka wakati wa vita, aliapishwa mwaka 1875 kuwa naibu marshal wa serikali kuu katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, na huhesabiwa kuwa alikamata watu zaidi ya 3,000. Mtu kama huyo huwezi kumwelewa ukiwa umeufuta utumwa alioukimbia. Ushujaa wake umo humohumo.

Wenyeji wa asili nao walitendewa nusu kwa nusu. Kwa upande mmoja walipewa nchi huru na heshima. Kwa upande wa pili, balaa lote la dunia liliwekwa mikononi mwa mmoja wao, na neno manitou, ambalo katika lugha za Waalgonquian lina maana ya roho au nguvu iliyomo katika vitu, likafanywa jina la mapepo mabaya. Hebu fikiri neno la dini yako likatumiwa hivyo.

Marekebisho

Mwaka 2006 mchezo ulitolewa upya kwa jina la Deadlands Reloaded, na hadithi ikasogezwa hadi 1879, lakini Marekani mbili zilibaki. Mabadiliko makubwa yalikuja na toleo lililotangazwa mwaka 2020. Hapo mtunzi na kampuni yake waliibadilisha historia waliyoiandika wenyewe. Katika toleo hilo Kusini ilisambaratika mwaka 1871, vita vikaisha, na mchezo unaanza mwaka 1884 katika Marekani moja. Sare ya kijivu si bendera ya nchi tena bali ni mabaki ya waliokataa kushindwa.

Kwa kampuni, hatua kama hii si bure. Vitabu vya zaidi ya miaka 20 vinapitwa, na wachezaji waliozoea dunia ya zamani hununa. Kulikuwa na njia rahisi ya kunyamaza na kuendelea kuuza. Hata hivyo waliona kwamba shimo walilolifukia kwa majani lilikuwa bado shimo.

Merikani na sisi

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa kitambaa. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikawa na balozi wake Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa kizito cha pamba, wakapeleka pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa hicho tukakiita merikani, na jina halijatutoka. Kilifumwa Kaskazini kwa pamba ya Kusini, na pamba hiyo ilichumwa na watumwa. Vita vilipoanza 1861 na pamba ikaadimika, merikani ikapungua Pwani yetu, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi. Kwa maneno mengine, vita vya Gettysburg vilisikika hadi kwenye maduka ya Unguja.

Na sisi tulikuwa na utumwa wetu. Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Mwaka 1876, mwaka uleule Deadlands inapoanzia, alipiga marufuku misafara ya watumwa kwa njia ya bara. Katika Pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Hiyo si zamani sana, kwani wako wazee waliolelewa na watu walioyaona hayo kwa macho yao. Bado katika nyumba nyingi jambo hili husemwa kwa sauti ya chini, au husemwa kama tusi wakati wa ugomvi wa ardhi na ndoa, au halisemwi kabisa. Tunachokuwa nacho ni uvumi: nani ni mwana wa nani, nani asimwoe nani. Kisa chenyewe, chenye majina, miaka na sababu, hakijakaa mezani.

Sisemi vijana wetu wakanunue Deadlands. Wapo watakaoipenda, na wapo ambao dini yao au nafsi zao zitawakataza, na kila mmoja ana haki yake. Lakini vijana wa Pwani siku hizi wanachora vikaragosi, wanatunga michezo ya simu, wanaandika hadithi za majini wa magofu ya Gede na mapango ya Shimoni. Siku moja mmoja wao ataketi kutunga mchezo wa majahazi, misafara na mizimu. Atakutana na shimo lilelile alilokutana nalo Hensley, na atashawishika kuliruka ili asimuudhi mtu. Asiliruke. Aende kwanza kwa wazee wangali hai, aende kwenye makumbusho ya Fort Jesus, aulize na aandike alichoambiwa, kisha ndipo awaingize majini wake.